Injini Kuukuu na Kipikipiki cha Mtoto

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Durban imo injini ndogo iliyosahauliwa. Iko chini ya meza ya kazi, au nyuma ya pipa la maji, au imefungwa guniani na kutundikwa darini. Ilitoka katika mashine ya kukatia majani, au pampu, au mtambo wa kuchanganyia zege, na aliyeileta nyumbani amekwisha tangulia mbele ya haki. Kila wapitapo wanunuzi wa vyuma chakavu, injini hizo hupungua. Nimeona vema katika kitabu chetu cha mwaka huu niandike habari zake kabla hazijamalizika: zilikotoka, kwa nini wazee walizitunza hata zilipokuwa hazina kazi, na ilikuwaje nyingine zikaishia kusukuma kipikipiki cha mtoto uani. Msomaji asidhani naandika bila kuelemea upande. Naona kipikipiki kilichoundwa nyumbani kwa injini ya zamani, mtoto mwenyewe akishika taa na kupokeza spana tangu siku ya kwanza, kina manufaa yasiyopatikana katika kile kinachonunuliwa dukani kikiwa tayari. Na sababu zangu nimezichota katika historia.

Tuanze na chombo chenyewe, ambacho asili yake ilikuwa mbali na watoto. Mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walitengeneza pikipiki ndogo iitwayo Welbike ili iteremshwe kwa mwavuli pamoja na askari. Mpini wake na kiti chake vilikunjwa, na chombo kizima kikaingia katika mtungi mwembamba wa chuma wa kuangushia mizigo. Uzito wake ulikuwa yapata kilo 32. Haikuwa na giya za kubadilisha wala kiwashio cha mguu. Askari aliisukuma mbio mpaka injini ikashika, ndipo akairukia. Injini hiyo ilikuwa Villiers ya sentimeta za ujazo 98. Vita vilipokwisha wazo halikutupwa. Kampuni ya Brockhouse ya mji wa Southport ikaunda Corgi kwa mfano uleule, ikawauzia raia tangu 1948 hadi 1954, kwanza katika miaka ambayo petroli ilikuwa ingali ya mgao huko Uingereza.

Watoto waliingia baadaye. Mwaka 1961 kampuni ya Honda iliweka vipikipiki vyenye magurudumu ya inchi 5 na injini ya sentimeta 49 katika bustani yake ya michezo ya Tama Tech, karibu na Tokyo. Injini hiyo ilitoka katika pikipiki ya kazi, Super Cub. Watu wakavipenda hata kampuni ikaanza kuviuza, navyo ndivyo asili ya ile iitwayo Monkey, kwa kuwa mtu mzima akiipanda magoti yake hukunjika kama ya tumbili. Huko Marekani, miaka hiyohiyo, vijana na baba zao walikuwa wakichomelea mabomba katika gereji zao na kufunga injini za mashine za majani, hasa za Briggs & Stratton wa Milwaukee. Kampuni hiyo ilitoa injini ya aluminiamu mwaka 1953, nyepesi na rahisi, na baada ya miaka michache injini kuukuu zilikuwa zimejaa kila kitongoji. Kwa hiyo, ukitazama Southport, Tokyo au Milwaukee, utakuta jambo lilelile: kipikipiki kilizaliwa kwa injini iliyokuwa na kazi nyingine kabla yake.

Villiers inastahili maneno zaidi, maana ndilo jina ambalo wazee wetu walilitamka kama jina la jamaa. Kampuni ilianzishwa Wolverhampton mwaka 1898 na John Marston, mtengenezaji wa baiskeli za Sunbeam, ili imtengenezee vipuri vya baiskeli. Kabla ya Vita vya Kwanza ikawa imekwisha kuunda injini ya mipigo miwili, yaani ile isiyo na valvu, inayochanganyiwa mafuta ndani ya petroli. Haikuuza pikipiki, iliuza injini kwa yeyote aliyetaka kuunda chombo, iwe pikipiki, mashine ya majani, pampu au mtambo wa shamba. Mwaka 1956 ilitimiza injini milioni 2. Sisi tuliozoea pwani tuliijua hata bila kujua, kwa sababu mashine za mtumbwi za British Seagull, zile zenye tangi la shaba na kelele ya kuudhi, zilitumia magneto ya Villiers. Fundi aliyeweza kuiwasha Seagull iliyolowa maji ya chumvi hakuwa mgeni mbele ya Villiers ya mashine ya majani.

Na mashine za majani Durban hazikukosekana. Anayeijua hali ya hewa ya hapa hahitaji kuelezwa: joto, mvua ya kiangazi, unyevu usiokauka, na majani yasiyopumzika. Katika mitaa ya Berea na Bluff, nyumba za Wazungu zilikuwa na bustani pana, na kila bustani ilikuwa na mashine yake. Atco, mashine ya Kiingereza iliyoenea sana, kwa miaka mingi ilitumia injini za Villiers. Aliyeisukuma mashine hiyo hakuwa mwenye bustani. Alikuwa mtumishi wa Kiafrika au wa Kihindi, ndiye aliyejua inagoma lini na kwa nini. Na visu vilipokwisha, fremu ikaliwa na kutu, injini ingali nzima, ndiye aliyeambiwa aiondoe. Injini nyingi zilianza safari ya kuja kwetu kwa neno moja tu la mwenye nyumba: chukua.

Sasa kidogo juu yetu wenyewe, kwa ajili ya vijana. Watu wa pwani ya mashariki walifika Durban kwa mafungu mbalimbali na kwa sababu mbalimbali. Fungu la zamani ni la wale walioitwa Wazanzibari. Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na Agosti mwaka huohuo manowari ya Kiingereza iitwayo Briton ikawateremsha hapa watu waliokombolewa katika majahazi. Wengi wao walikuwa Wamakua. Waliwekwa chini ya mikataba ya kazi ya miaka 5, kisha wengi wao na watoto wao wakakusanyika King's Rest, upande wa Bluff, katika ardhi iliyokuwa chini ya amana ya msikiti. Huko walikuwa na msikiti, makaburi, miembe na, jambo linalohusu habari yetu, nyua pana.

Uwanja mpana ni karakana isiyo na kodi. Lakini Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 ilipofika Durban, Bluff ikatengwa kwa Wazungu. Watu wa King's Rest, baada ya serikali kuhangaika kuwatafutia kundi, wakaandikwa kuwa "Waasia Wengineo", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth. Familia nyingine katika ukoo wetu zilipelekwa Wentworth. Mengi yameandikwa juu ya uhamisho huo na sitayarudia. Nataka kuongeza jambo dogo ambalo sijaliona likitajwa: nyua zilifupishwa. Nyumba za Bayview zilipangwa kwenye mteremko, zimebanana, na mahali pa kuweka meza ya kazi, jiliwa na pipa la vyuma palikuwa pa kupigania na kamba ya kuanikia nguo. Baadhi ya wazee waliuza vyuma vyao wakati huo kwa bei ya kutupa. Waliobaki na injini walibaki na ndogo tu.

Kwa nini basi walizing'ang'ania? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sheria ya Uanagenzi ya 1922 haikutaja rangi ya mtu. Ilisema tu kwamba mwanagenzi lazima awe amefikia darasa fulani la shule, na ikaziachia kamati za waajiri na vyama vya wafanyakazi kuamua nani apokewe. Na vyama hivyo vilikuwa vya Wazungu. Shule za watoto wetu hazikutosha, na hata aliyefikia darasa hilo hakuona mlango umefunguka. Mwaka 1956 ikaja sheria nyingine iliyompa waziri uwezo wa kutenga kazi fulani kwa watu wa rangi fulani. Kwa hiyo mtu aliweza kufanya kazi ya fundi miaka 20 katika karakana za Durban, akafungua injini na kuifunga, akachonga na kuchomelea, na katika daftari la mshahara akaandikwa msaidizi. Cheti hakuwa nacho, na kwa kuwa hakuwa nacho, hakuweza kumrithisha mwanawe.

Milango michache ilikuwapo. M. L. Sultan, aliyefika Natal mwaka 1890 akiwa kibarua wa mkataba, alitoa mali yake ili kijengwe chuo cha ufundi kilichobeba jina lake, nacho kikawa na jengo lake kubwa mwaka 1956. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Wapo katika jamaa zetu waliopita hapo. Lakini wengi zaidi walijifunza kwa kushika taa. Mkubwa anafungua, mdogo anamulika. Mkubwa ananyosha mkono bila kutazama, mdogo anaweka spana ya kipimo kinachotakiwa. Mdogo akikosea mara tatu hufukuzwa, na kesho yake hurudi. Hii ndiyo iliyokuwa shule, na shule inahitaji kitu cha kufundishia ambacho kikiharibika hakimfukuzishi mtu kazi. Injini ya tajiri haikufaa. Injini kuukuu ya uani ilifaa, na kipikipiki kikawa ndicho kivutio cha kumfanya mtoto akae chini mpaka mwisho wa somo.

Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa wasaidizi hao wasio na cheti. Mwaka 1978, akiwa Bayview, alimwundia binamu yangu, mtoto wa miaka tisa, kipikipiki kwa Villiers ya sentimeta 98 iliyokuwa imetolewa katika mashine ya majani. Nakieleza kwa urefu kidogo kwa kuwa namna alivyokiunda ndiyo namna wengi walivyokiunda. Fremu ilikuwa mabomba ya kitanda cha chuma. Baba wa jirani alileta mabomba ya maji yenye zinki, babu akayakataa, akisema moshi wa zinki ukichomelewa humtia mtu homa ya usiku kucha, jambo ambalo wachomeleaji wote wanalijua. Magurudumu yalikuwa ya toroli, ila aliyatoa bushi akaweka beringi. Kiti kilijazwa makumbi ya godoro. Klachi ilitoka katika karti moja la mashindano lililovunjika, nayo ni ile inayojishika yenyewe: injini ikizunguka polepole viatu vyake vimelala, ikiongeza kasi vinatupwa nje na kung'ang'ania ngoma, na chombo kinaondoka. Kwa mtoto asiyejua kubadilisha giya haina mfano.

Siku ya kufungua flaiwili ndiyo iliyosimuliwa katika familia mpaka leo. Nati ya katikati ya Villiers ina hila yake. Ukiifungua inalegea kama nati yoyote, kisha ghafla inakaza tena. Hapo ndipo inapoanza kuivuta flaiwili itoke katika mhimili. Asiyejua hudhani ameharibu kitu, na wengi wamezivunja kwa nyundo. Babu hakusema neno. Alimpa mtoto spana na kipande cha bomba cha kuirefusha, akakaa kando.

"Babu, imekaza. Nimeivunja."

"Umeivunja wewe au imekuvunja wewe? Endelea, mume mwenzangu."

Mtoto akaegemea kwa uzito wake wote, ikasikika mlio kama wa kuvunjika kuni, na flaiwili ikamwangukia mapajani. Bibi alitoka jikoni akifikiri mtu ameumia. Binamu yangu aliishi kuwa fundi wa mitambo mwenye cheti, na hudai kwamba hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kumfundisha kukaa kimya wakati mwanafunzi anaogopa.

Flaiwili ikiwa mkononi, babu aliweka kipande cha chuma laini kuunganisha sumaku zake. Sumaku za magneto za zamani zikiachwa wazi hupoteza nguvu kidogo kidogo, na injini ikifungwa tena cheche zinakuwa dhaifu. Mtu hubadilisha plagi tatu akitafuta ugonjwa usiokuwapo. Kisha pointi: zilisuguliwa kwa msasa laini, zikafutwa kwa karatasi safi ya daftari, zikapimwa nafasi yake, inchi 0.015 kwa kipimo cha Kiingereza, au mtu akipenda milimeta 0.38. Kabureta ilioshwa kwa petroli. Ringi za pistoni zilikuwa zimegandamana kwa masizi, zikalowekwa siku mbili. Petroli ilichanganywa kwa sehemu 16 na mafuta sehemu 1, yaani mililita 62 hivi za mafuta katika kila lita, kama kitabu cha Villiers kilivyoagiza. Vijana wa leo wanaotumia mafuta ya kisasa hupunguza, na wana haki, kwani mafuta ya leo ni bora. Lakini injini ya zamani isinyimwe sana, kwa maana beringi zake hazina chakula kingine.

Petroli yenyewe ilipimwa kwa chupa. Tangu Novemba 1973, nchi za Kiarabu zilipoinyima Afrika Kusini mafuta, mwendo wa magari ulipunguzwa hadi kilometa 80 kwa saa na vituo vikazuiwa kuuza usiku na mwisho wa juma. Chombo kilichotosheka na nusu lita kwa alasiri nzima hakikuwa na lawama kwa mtu yeyote, isipokuwa majirani waliotaka kulala.

Jambo lililomsumbua babu lilikuwa hesabu ya mwendo, nami nawaomba wanaokusudia kuunda wasiiruke. Chukua gurudumu lenye kipenyo cha inchi 12. Likizunguka mara moja linakwenda karibu sentimeta 96. Weka gia ya meno 10 kwenye injini na ya meno 60 kwenye gurudumu la nyuma. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 500, na mtoto anakwenda kilometa 29 kwa saa. Kwa mtu mzima garini hiyo ni kasi ya kuchekesha. Kwa mtoto wa miaka tisa aliye sentimeta 40 juu ya ardhi, mbele yake ukuta wa jirani, haichekeshi hata kidogo. Babu aliongeza meno nyuma, kisha akatia skrubu kwenye mkono wa mafuta ili usifunguke zaidi ya theluthi, na kila mwaka mpya akailegeza mizunguko miwili. Ile skrubu ndiyo iliyokuwa kipimo cha umri. Binamu yangu alijua mizunguko yake kuliko alivyojua siku yake ya kuzaliwa.

Sitaki kuificha hatari nyuma ya sifa. Mnyororo usio na kifuniko hukata kidole, na hunasa upindo wa kanzu au leso. Bomba la moshi huunguza ndama ya mguu kila linapopata nafasi. Waya wa kuzimia injini lazima uwe pale kidole gumba kinapofika bila kutafuta; katika magneto ni waya mmoja tu wa kugusisha cheche na fremu, hauna gharama, na asiyeuweka sijui anangoja nini. Breki za zamani na gasketi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Wazee walizipuliza vumbi kwa mdomo, kwa kutojua. Afrika Kusini, iliyokuwa miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa asbesto duniani, iliipiga marufuku mwaka 2008. Kwa hiyo vipande hivyo vilowekwe maji, vifungwe katika mfuko na viondolewe, visipulizwe wala kusuguliwa. Na barabara si mahali pake. Sheria ya barabara haimpi leseni ya pikipiki aliye chini ya miaka 16, na chombo cha uani hakina namba wala taa. Mzazi anayemwachia mtoto atoke nacho langoni hana ufundi wa kujisifia.

Miaka ileile ambayo babu alikuwa akilegeza skrubu, viwanda navyo vilikuwa vikifikiria jambo hilo. Mwaka 1981 Yamaha ilitoa PW50, pikipiki ya mtoto yenye injini ya sentimeta 49, isiyo na giya, isiyo na mnyororo wazi, na yenye skrubu ya kuzuia mafuta kama ile ya babu. Ni chombo kizuri, salama kuliko chochote tulichounda uani, na mtoto wa mtu aliyekuwa na fedha alikipata hapa Durban. Simlaumu mzazi aliyekinunua. Ila kila kitu ndani yake kimekwisha amuliwa na mtu mwingine. Mtoto hupewa ufunguo wa mwendo. Hesabu ya meno, nafasi ya pointi, sababu ya chombo kugoma, hivyo vimebaki Japani.

Mji huu, lakini, unazijali sana pikipiki za zamani za aina nyingine. Kati ya 1913 na 1936 yalikuwapo mashindano makubwa ya pikipiki baina ya Durban na Johannesburg, katika barabara za vumbi na matope, na tangu 1970 hufanyika safari ya ukumbusho wake, iitwayo DJ, kwa pikipiki zilizoundwa kabla ya kwisha mwaka 1936. Nimesimama kando ya barabara kuzitazama zikipita, na ni furaha ya macho na ya pua. Zina vitabu, vyama na tarehe zilizohakikiwa. Injini za mashine za majani hazina heshima hiyo. Zilikuwa za kazi, zilitunzwa na watu wasioandikwa mahali popote, na ni changa mno kuingia DJ. Kama ukoo hauziandiki, hakuna atakayeziandika.

Mambo ya ufundi yamebadilika pia. Mwaka 1979 kutenga kazi kwa rangi kulianza kufutwa baada ya ripoti ya Tume ya Wiehahn, na sheria ya 1981 ikafungua uanagenzi. Vijana wetu waliokwisha kufundishwa uani walikuwa tayari. Wentworth ilijulikana nchi nzima kwa wachomeleaji na mafundi wa boila, kwa kuwa mitambo miwili ya kusafishia mafuta ilikuwa jirani yake, mmoja tangu 1954 na mwingine tangu 1963. Mmoja ulipata mlipuko Desemba 2020 na haukurudi kusafisha mafuta. Mwingine ulisimama Machi 2022, na mafuriko ya Aprili mwaka huo yakauzamisha. Mafundi waliokuwa wakiitwa kila mwaka kwa matengenezo makubwa wakaondoka, wengine Ghuba, wengine Msumbiji, wengine wakakaa nyumbani. Swali la nani atamfundisha mtoto wa sasa kushika spana limerudi palepale lilipokuwa katika siku za babu, ingawa kwa sababu nyingine. Vyuo viko wazi, lakini karakana za kumpokea mwanafunzi zimepungua.

Ndiyo maana nawasihi jamaa wanaozo injini hizo wasizitoe kwa kilo, hasa wakati ambapo yungali hai mtu aliyewahi kuifungua. Vipuri si tatizo kama watu wanavyodhani. Pointi, gasketi na ringi za Villiers za aina nyingi bado zinatengenezwa Uingereza, kwa kuwa injini zilikuwa nyingi mno kusahauliwa. Aliye na Briggs ya zamani ana wepesi zaidi. Kinachokosekana ni mchana wa Jumapili na mzee mwenye subira.

Anayetaka kuanza, aanze hivi. Asiipige teke injini iliyolala miaka. Atoe plagi, amimine kijiko cha mafuta ndani ya silinda, aiache mpaka siku ya pili, kisha aizungushe kwa mkono, taratibu. Ikizunguka, aweke kidole gumba kwenye tundu la plagi, azungushe tena. Kidole kikisukumwa, ringi zi hai. Kisha amwite mtoto aje na kitambaa na kalamu. Kwenye kasha la injini, chini ya masizi, zimepigwa herufi na nambari zinazoonyesha aina yake. Mtoto azisugue, azinakili katika daftari, na chini yake aandike jina la aliyeileta injini hiyo nyumbani na mashine iliyotoka.